Shati Lililokosa Jua

Mwandiga siku ya gulio hukanyagi ardhi, unakanyaga vidole vya watu. Wa Kigoma mjini wanashuka, wa Kasulu wanapanda, mihogo inatoka, ndizi zinaingia, na katikati yao mbuzi mmoja amekata kamba. Kila ukiuliza ni wa nani, si wa mtu.

Winfrida alikuwa anapita hapo na ndoo ya mawese kichwani. Amevaa kitenge cha ndege wa bluu, juu yake amefunga kingine cha kuzuia vumbi, shingo imenyooka, mikono imeachiwa. Mwanamke akibeba mawese hivyo ujue hajawahi kuyamwaga. Na Calixte alikuwa anarudi nyuma, hatua kwa hatua, akimtazama mbuzi badala ya kutazama anakokwenda.

Alikuwa na shati jeupe. Jeupe la fundi, alilolishona mwenyewe, kola imesimama kama masikio ya sungura, pasi ya mkaa imepita hadi kwenye vifungo. Akageuka ghafla, bega likagonga kiwiko, ndoo ikayumba, kifuniko kikaruka. Mawese yakamshukia kifuani, mekundu, ya moto wa jua, yakateremka hadi mkanda wa suruali.

"Yoo!" akasema Calixte.

"Macho yako umemwazima mbuzi?" Winfrida akafoka. "Nusu ndoo imekwenda!"

"Haijaenda mbali, dada. Iko hapa kifuani. Ukitaka, kamua."

Wauza ndizi wakacheka. Winfrida hakucheka, lakini mdomo wake ulikwenda pembeni kidogo, na mtu akimwona mwanamke mdomo umekwenda pembeni akae chonjo.

"Vua," akasema.

"Nivue nini?"

"Shati. Doa la mawese likishalala, limehamia. Nitalifua nikurudishie."

"Mbele za watu?"

"Una nini ambacho watu hawajakiona?"

Calixte akafungua vifungo huku wauza ndizi wakimhesabia. Ndani alikuwa na fulana yenye madirisha, maana fundi hushonea watu, hajishonei. Winfrida akafungua kile kitenge cha juu akamtupia mabegani. Kabla hajalitoa shati, Calixte akachomoa karatasi mfukoni, akaipuliza.

"Hiki usikifue. Bila hiki mimi si mtu."

Winfrida akachungulia muhuri. Kibali cha kutoka kambini, siku tano.

"Kumbe mkimbizi?"

"Ndivyo karatasi inavyosema. Mama yangu alisema Calixte."

Shati likaondoka juu ya kifuniko cha ndoo ya Winfrida, na ukweli wenyewe ni kwamba na mwenye shati aliondoka nalo.

Calixte Ngendakumana alikuwa anapata kibali cha siku chache kila mwezi, kuja kushona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Hamdani pale Mwandiga. Siku zikiisha anarudi kambini, upande wa Kasulu. Winfrida alikuwa na nyumba Kasingirima, kule Ujiji, na ndani ya nyumba kulikuwa na mume. Nisilifiche hilo, maana hata yeye hakulificha.

"Nina mume," alimwambia Calixte siku ya pili, amekuja kupima gauni.

"Nimeiona pete."

"Na hii umeiona?" Akavuta mkono wa blauzi. Bega lilikuwa la kijani na njano, kama embe linaloiva vibaya.

Calixte akashika futi ya kupimia akaiviringisha, akaifungua, akaiviringisha tena. "Kwenu wanajua?"

"Nimekimbilia kwa baba mara tatu. Mara ya tatu alinirudisha mwenyewe, akakaribishwa chai, akanywa."

Mume aliitwa Dismasi. Alikuwa dereva wa malori yanayopeleka mahindi kambini, mtu wa majuma mawili barabarani na siku tatu nyumbani, na hizo siku tatu Winfrida alizihesabu kama mgonjwa anavyohesabu sindano. Mbele za watu alikuwa mcheshi. Wanaume wa namna hiyo hawakosi kuwa wacheshi mbele za watu.

Na shati je? Winfrida alilifua kwa sabuni ya mche, akalifua kwa majivu, akalifua kwa ndimu. Doa likabaki, pana kama kiganja, upande wa moyo. Mwanamke yeyote wa Ujiji atakwambia doa la mawese halisikii sabuni, linasikia jua. Unalianika wiki, jua linalilamba taratibu mpaka linakwisha. Lakini shati la mwanamume mgeni utalianika wapi? Kwenye kamba ya Dismasi? Basi likakunjwa, likazamishwa chini ya unga kwenye pipa, na huko gizani doa likatulia kama mpangaji aliyelipa kodi.

Mapenzi yao yalikuwa ya baraza na ya simu. Winfrida alishonesha magauni mpaka Mzee Hamdani akauliza kama amefungua shule. Siku Calixte akiwa kambini ilikuwa tabu, maana kule mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya kisima. Watu walipanga foleni ya kupanda, mmoja anaongea, thelathini wanasikiliza. Winfrida anabipu, Calixte anapanda.

"Mukunzi wanje, mpenzi wangu, umeamkaje?" Calixte akauliza.

"Nimeamka nimekuota."

"Niko nafanya nini?"

"Unavua shati."

Simu yake ilikuwa na sauti ya redio, na chini ya kichuguu foleni nzima ikapiga makofi. Mama mmoja akapaza sauti, "Mwambie na mimi nampenda, ila wewe uteremke, nampigia mwanangu!"

"Nani huyo?" Winfrida akauliza.

"Ni kambi nzima. Inakusalimu."

"Calixte, nijibu kweli. Una mke huko?"

"Sina."

"Wakimbizi wote hamna wake mkifika Mwandiga."

"Wengine. Mimi sina. Siku ukiwa huru nitakuja kwa baba yako na miguu yangu."

Alisema kweli. Lakini kweli yake ilikuwa na kipande alichokimeza. Miaka zaidi ya kumi nyuma, walipovuka mpaka, kaka yake Egide alikuwa amekwisha kubaki chini ya migomba ya kwao, hatoki tena. Calixte alikuja na mjane wa kaka, Astérie, mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Kwenye meza ya kuandikishwa, makapera walikuwa wanapelekwa upande mmoja wa mto, wanawake wapweke upande mwingine. Karani akauliza, "Huyu nani wako?" Calixte akatazama tumbo la shemeji yake, akasema, "Mke wangu." Kalamu ikaandika. Tangu siku hiyo, kwenye kadi ya posho, alikuwa na mke na watoto, na kwenye kibanda chake alikuwa na shemeji anayelala chumba cha pili na watoto wanaomwita baba mdogo.

Mambo hayo utayasemea wapi? Juu ya kichuguu? Mmoja tu kati ya wale thelathini akienda kusema kadi ni ya uongo, Astérie na watoto wanakatwa chakula. Kwenye baraza napo, kila alipofungua mdomo, mteja alileta suruali. Akasema atamwambia mwezi ujao.

Mwezi ujao haukufika.

Jumatano moja Winfrida alibipu mara tatu.

"Njoo uchukue shati lako," akasema. "Nimechoka kulificha. Kila nikichota unga linanitazama."

"Sina kibali wiki hii, Wini. Na Jumamosi ni siku ya posho."

"Jumamosi ndiyo Dismasi hayupo."

Alikwenda. Kadi alimwachia Astérie, akapokee posho kama mke, aweke dole gumba kwenye daftari. Calixte akapita njia za mashambani, akadandia lori la mkaa, akafika Kasingirima jua limeanza kuinama. Akasimama nyuma ya ua wa matete, akasubiri kuona kama pana usalama.

Hapakuwa na usalama. Lori la Dismasi lilikuwa limekata springi njiani, naye amerudi siku nne kabla ya siku yake. Calixte aliona kwa tundu la matete. Winfrida yuko uani anatwanga chikichi zilizochemshwa, mchi unapanda unashuka, mikono inang'aa mafuta. Mume akatoka ndani, kichwa kimejaa unga kama mzee wa mvi, ameshika shati kwa vidole viwili.

"Shati la nani?"

Mchi ukasimama.

"Nimekuuliza, shati la nani?"

Winfrida angejibu nini? Akimtaja Calixte, atafuatwa. Akisema la kwako, ni uongo wa mtoto. Akanyamaza, na Dismasi aliuchukia ukimya kuliko jibu lolote. Akaingia ndani, akatoka na panga.

"Utasema, au nitamuuliza huyu?"

Panga lilishuka mara moja. Winfrida aliinua mkono wa kushoto, likauchana kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Lilipoinuliwa mara ya pili, mkono wa kulia ulikuwa bado na mchi. Pigo moja. Mtu hahitaji zaidi, mchi wa mninga haubembelezi. Dismasi akakaa chini polepole, kama mtu aliyekaribishwa kiti, kisha akalala.

Nyuma ya matete Calixte alikuwa ameshika ua kwa mikono miwili. Alitaka kuruka. Hakuruka. Majirani walipoanza kupiga yowe, akakumbuka kuwa mfukoni hana karatasi. Mkimbizi asiye na kibali, nyuma ya ua wa maiti, karibu na shati lake mwenyewe. Akakimbia. Usimcheke mpaka na wewe uwe umewahi kuwa mtu wa karatasi.

Winfrida hakukimbia. Alijifunga mkono kwa kitenge cha ndege wa bluu, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Selestini, aliyekuwa anakula.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Una nini mkononi?"

"Nimemuua Dismasi."

Mzee Selestini akanawa mkono, akaagiza watu waende polisi, kisha akampa maji ya kunywa.

Kesi ya kuua haina haraka. Jaji anatoka mbali, anakuja kwa vikao, na kila kikao kina foleni yake. Winfrida alikaa rumande miaka mitatu. Kovu likakauka. Kila mwezi Mzee Hamdani alileta kifurushi, sabuni, chumvi, mara gauni lililoshonwa kwa mishono midogo ambayo Winfrida aliijua hata akifumba macho. Hakuna barua, maana barua zinasomwa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mishono, mmoja mmoja, na hizo ndizo zilikuwa barua.

Kikao kilipokaribia akapewa wakili wa kumtetea, Bwana Pastory, kijana mwembamba, suti kubwa kuliko yeye. Alisoma jalada, akaona mishono ya shati ni ile ile ya magauni ya vifurushi, akaenda moja kwa moja mpaka baraza ya Mzee Hamdani.

"Serikali inasema jeraha alijikata mwenyewe," akamwambia Calixte. "Inasema alikuwa na hawara, akamwua mume ili aolewe. Shati ndilo ushahidi wao. Hakuna aliyeona."

Calixte akasimamisha cherehani. "Mimi niliona."

Pastory akakaa juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa. Akasikiliza yote, mpaka mwisho. Kisha akakuna kichwa.

"Kuna mambo mawili. Kwanza, daftari la kambi linaonyesha siku hiyo kaya yako ilipokea posho. Watasema ulikuwa huko."

"Alipokea Astérie. Yumo kwenye kadi kama mke."

"Vizuri. La pili ndilo baya. Hawara akija kumtetea mwanamke wake, nani atamwamini? Watasema anasema ili ampate." Akamtazama Calixte usoni. "Lakini mwanamume mwenye mke na watoto, anayesubiri kurudi kwao na familia yake, huyo hapati kitu. Huyo anasema alichokiona tu. Unanielewa?"

"Unataka niape kwamba Astérie ni mke wangu."

"Mimi sitaki uape uongo. Mimi nimeiona kadi tu. Kadi inasema ni mkeo."

"Winfrida atakuwepo?"

"Atakuwa kizimbani, hatua nne kutoka kwako."

"Naweza kumwambia kwanza?"

"Hapana. Ukimwambia, usoni pake pataonekana. Jaji anatazama nyuso, na wazee wa baraza wanatazama zaidi ya jaji."

Calixte akapitisha uzi kwenye sindano mara tano, ukakataa mara tano. Mzee Hamdani akamchukulia sindano akaitia mwenyewe.

"Kijana," akasema, "mwanamke aliyenuna huwa hai."

Siku ya ushahidi wake mahakama ilijaa. Watu wa Kasingirima walikuja na watoto na karanga. Winfrida alisimama kizimbani na gauni la mishono midogo, amelifulia kesi. Alipomwona Calixte anaingia, uso wake ulifunguka kama dirisha. Calixte akapita akitazama sakafu. Akashika Biblia, akaapa.

"Shati hili la nani?" wakili wa serikali akauliza, akiliinua. Miaka mitatu stoo, doa lile lile.

"Langu."

"Ulikuwa wapi siku ya tukio?"

"Nyuma ya ua. Niliona panga likimkata. Niliona likiinuliwa mara ya pili. Ndipo akapiga."

Kizimbani Winfrida akageuka kumtazama. Alikuwepo. Alikuwepo, na hakuja.

"Na baada ya hapo ukafanya nini, bwana shujaa?"

"Nilikimbia."

Watu wakaguna. Wakili wa serikali akatabasamu, akafungua daftari. "Hapa panaonyesha ulikuwa kambini unapokea maharage."

"Alipokea mke wangu."

"Nani?"

"Mke wangu. Astérie. Tuna watoto wawili. Tunasubiri kurudi kwetu."

Hakumtazama Winfrida. Angemtazama angeona mwanamke ameshika ukingo wa kizimba kwa mkono wenye kovu, kama mtu aliyeko kwenye mtumbwi unaojaa maji.

Katika wazee watatu wa baraza waliokaa na jaji, mmoja alikuwa Mama Regina, mkunga wa zamani wa Ujiji, mwanamke aliyepokea nusu ya watu waliokuwa wamekaa pale. Alikuwa kama anasinzia. Jaji akauliza kama wazee wana swali, akafumbua jicho moja.

"Baba, una mke."

"Ndiyo, mama."

"Shati jeupe, la kushona mwenyewe, limepotea miezi. Mkeo hakuuliza limekwenda wapi?"

Jasho likamtoka Calixte nyuma ya masikio.

"Aliuliza. Nilimwambia limeibwa."

"Akakubali?"

"Hakukubali, mama. Alinuna siku mbili."

"Mbili tu," Mama Regina akasema, akafumba jicho.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, kwa Kiingereza, saa nzima. Winfrida alisikia jina lake tu, likipita kama mtu anayemfahamu njiani. Akalihesabu, akafika kumi na saba. Jaji alipofunga karatasi, karani akamgeukia.

"Mama, umeonekana ulikuwa unajikinga. Uko huru."

"Niende wapi?" Winfrida akauliza.

Karani akapekua karatasi, hilo halikuandikwa.

Nyumba ya Kasingirima ilikuwa imekaliwa na ndugu za Dismasi, na kwa baba hakurudi, aliogopa chai. Mzee Hamdani akampa chumba nyuma ya duka, Mwandiga, dirisha linatazama barabara. Polisi wakamrudishia vitu vilivyochukuliwa kwake, sufuria, simu isiyowaka, na shati.

Bwana Pastory alikuja kumwonya. "Serikali ina siku thelathini za kukata rufaa. Huyo bwana asikusogelee. Wakiwaona pamoja tu, ushahidi wake umekufa, na wewe unarudi ndani."

"Asinisogelee kabisa," Winfrida akasema. "Ana mke wa kumsogelea."

Pastory akakuna kichwa, akaaga.

Siku ya sita alikuja Mama Regina, na fimbo na kikapu, eti kununua kitambaa. Akamkuta Winfrida amekaa kizingitini, shati liko mapajani, kiberiti mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kuchoma pamba nzuri hivyo?"

"La mwongo, mama. Miaka mitatu nimelala sakafuni nahesabu mishono yake, kumbe ana mke."

Mama Regina akajikalisha, magoti yakalia. "Miaka arobaini nimeona waume za watu mlangoni, nikiwa nazalisha. Mwanamume mwenye mke, akiulizwa habari za mkewe mbele ya hawara, anatazama mlango. Huyu wako alitazama sakafu mpaka nikadhani ataitoboa. Tena nilimuuliza la shati, akatoka jasho. Mwenye mke hatoki jasho kwa swali hilo. Anacheka, maana anayakumbuka matusi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui kitu. Mimi mzee wa baraza, kazi yangu imekwisha." Akainuka. "Ila sabuni imeshindwa na hilo doa, siyo? Mbona hulianiki? Sasa unamficha nani?"

Winfrida alikaa na maneno hayo mpaka jua likawa kichwani. Kisha akafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, kando kabisa ya barabara, akalianika. Siku ya kwanza doa lilikuwa rangi ya tofali. Siku ya tano rangi ya chai ya maziwa. Siku ya kumi ulitakiwa kuonyeshwa ndipo ulione.

Kambi ilikuwa inafungwa. Watu walirudishwa kwa msafara wa mabasi, yanapita Mwandiga kuelekea mpakani Manyovu. Siku ya kumi na tisa tangu hukumu, msafara ukasimama mbele ya duka la Mzee Hamdani kuhesabu watu upya. Madirisha yalijaa vichwa, kuku, sufuria, godoro moja limetoa ulimi. Askari mmoja kila mlango. Hakuna kushuka.

Mwenye orodha akaita kwa sauti, "Ngendakumana Calixte! Mke, watoto wawili!"

"Tupo!" sauti ikajibu kutoka basi la tatu.

Winfrida alikuwa kwenye kamba. Akaidaka sauti hiyo hewani. Akalivuta shati, akaenda mpaka chini ya dirisha. Aliyechungulia kwanza alikuwa mwanamke mwenye kilemba cha zambarau, uso mpana, macho yaliyochoka kwa wema.

"Wewe ndiye Winfrida."

"Ndiye."

"Mimi ndiye mke wa kadi." Akashusha sauti. "Mume wangu ni Egide, nakwenda kumtafutia kaburi. Huyu ni mdogo wake. Miaka kumi na mitano nimempikia, hajavuka kizingiti cha chumba changu. Lyse, sogea, mpishe baba mdogo."

Msichana akasogea. Calixte akatokeza. Amekonda, kola haikusimama.

Kuku ndiye aliyesema kwanza.

"Ulikuwa nyuma ya ua," Winfrida akasema.

"Nilikuwa."

"Hukuja."

"Sikuja. Kila siku naruka ule ua, Wini. Kila siku. Siku ile tu ndiyo sikuruka."

"Na ukaniapia mke usoni pangu."

"Walikuwa wanakunyonga."

"Ningetaka uniambie."

"Juu ya kichuguu?"

Mdomo wa Winfrida ukaenda pembeni kidogo, machozi yakapita hapo hapo. "Shuka," akasema.

"Nikishuka, wao wanakosa jina. Kadi ni yangu. Wakifika bila mimi hawapewi hata mahema. Na zimebaki siku kumi na moja za rufaa. Askari yule anatutazama."

Alikuwa anatazama kweli.

"Basi chukua shati lako. Mara ile nilikwambia uje ulifuate. Safari hii nimekuletea."

Akalinyoosha. Calixte akalishika, akaligeuza upande wa moyo, akatafuta doa kwa kidole. Hakuliona. Akaling'ang'ania kidogo, kisha akalirudisha dirishani.

"Kaa nalo."

"Nilifanyie nini?"

"Nikifika nitatafuta karatasi. Nitarudi kama mtu, kwa njia ya barabara, nije nimwone baba yako. Utanikubali?"

"Wewe na karatasi," Winfrida akasema. "Unanichumbia kupitia dirisha la basi?"

"Sina mlango, mukunzi wanje."

"Nimekubali," akasema. Basi likaunguruma, na kama alisema lingine halikusikika. Astérie alimpungia kwa wote wawili, maana Calixte alikuwa ameshika uso.

Siku kumi na moja zikapita, rufaa haikuja. Karatasi nayo haikuja. Simu ya Mzee Hamdani ililia mara moja tu kutoka ng'ambo ya mpaka, ikakatika kabla ya jina. Mpaka upo saa chache tu kutoka Mwandiga, na Winfrida aliujua kama unavyoujua mwezi, unauona, huufikii.

Shati halina tena doa la kufuta, lakini kila asubuhi lipo kwenye kamba, kando ya barabara, limepigwa pasi, kola imesimama. Wapita njia hawajizuii, Mwandiga ni Mwandiga.

"Mama Wini, shati zuri hilo! Shati la nani?"

Winfrida huinua kichwa kutoka kwenye kinu, akajibu kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara.

"La Calixte."